Kapita Aliyepiga Kuta

Kapita wetu aliingia kazi ya ujenzi kwa kuvunja mkono wa bwana yake. Naanzia hapo kwa sababu Dzaleka nzima, kambi yetu ya wakimbizi, inaanzia hapo ikimtaja, na kwa sababu ukiuelewa mkono ule umemwelewa yeye nusu. Nusu nyingine mimi mwenyewe bado naitafuta.

Bwana alikuwa masoni, fundi wa kujenga. Yeye alikuwa mke wa masoni, maana yake alikanyaga udongo, alichota maji, alipanga matofali mabichi juani, alimpokezea bwana juu ya jukwaa, na bwana akichoka kujenga alipumzika kwa kumpiga. Miaka minane hivyo. Siku moja walikuwa kwenye kuta za kanisa, hazijafika hata madirishani, bwana akachukua nivo, kile chuma kirefu chenye kichupa cha maji kinachosema kama ukuta umelala sawa, akampiga nacho mgongoni. Mama akakitoa mkononi mwake kwa upole, kama mtu anayepokea sahani, kisha akamrudishia. Mfupa ulisikika mpaka kwenye foleni ya bomba. Mchungaji akaja mbio, akautazama mkono, akautazama ukuta, akashika kichwa.

"Sasa kanisa nani atamaliza?"

"Lete kamba," mama akasema, ile ya kunyooshea ukuta.

Alilimaliza. Nimeimba ndani yake miaka mingi, na mvua haijawahi kutulowesha. Bwana alihamia kwa ndugu zake, na watu wakabaki na hadithi. Ukimuuliza mwenyewe, alikuwa na jibu moja tu:

"Alinipiga miaka munane, hakuna mutu alisema kitu. Mi nilimupiga mara moja, njo munaongea mpaka leo."

Kapita ni msimamizi wa kazi. Kwetu Kivu, kule Kongo, tunalo neno hilo, na Wamalawi nao wanalo karibu hilo hilo, kwa hiyo halikuhitaji mkalimani. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kulisikia limevaa kitenge.

Nilimjia nikiwa na miaka kumi na tisa, shule nimeiachia njiani, kichwa kimejaa ngazi. Ndiyo, ngazi. Pale kambini kila kitu kiko chini: nyumba chini, soko chini, kanisa chini, hata ndoto za watu zinatembea kwa miguu. Mimi nilikuwa nachora kwa mkaa, kwenye ukuta wa mama yangu, nyumba ya ghorofa yenye ngazi inayopinda katikati. Nilitaka kuijenga, si kukaa ndani yake. Masoni wote niliowaendea walinipa ndoo ya maji, wakaniambia, "Binti, wewe leta, sisi tutajenga." Yeye peke yake alinitazama vidole, akanipa mwiko na matofali sita.

"Panga."

Nikapanga. Akayabomoa kwa teke.

"Panga tena."

Mara ya nne hakubomoa. Akanipiga kofi la kisogoni, kofi zito, nikaona nyota mchana, akasema, "Kesho saa kumi na mbili." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Niliimba njia nzima kurudi nyumbani, kichwa kinauma.

Alikuwa na namna yake ya kazi ambayo sijaiona kwa mwingine. Ukuta ukimalizika, aliuacha siku mbili. Siku ya tatu alikuja na nyundo kubwa, ile ya kupasulia mawe, akaupiga. Hakugonga kama daktari anavyogonga kifua. Aliupiga kama ukuta umemtukana mama yake. Ukitikisika, aliusukuma kwa mguu mpaka uanguke, na aliyeujenga anaanza upya, na kofi juu. Ukikaa kimya, aliuegemea shavu, akafumba macho kidogo.

"Ukuta wenye haujapigwa," alisema, "haujuwe kama ni ukuta."

Masoni wanaume walimcheka, wakasema mama huyu ana pepo wa kubomoa. Mvua za mwaka ule zilipokuja, nyumba zao za tofali bichi ziliyeyuka kama sukari. Za kwake zilisimama. Toka hapo wenye viwanja wakawa wanamfuata mpaka mlangoni pa kanisa.

Tulikuwa wanawake tisa kwake. Usifikiri alituchukua kwa huruma. Neno huruma lilimkera kuliko tusi. Siku tuliyokwenda Lilongwe kuomba kazi ya kwanza ya mjini, kibali cha kutoka kambini amekikunja ndani ya Biblia, tajiri mmoja wa mtaa wa Area 47, mzee muuza mabati, alimuuliza kwa Kichewa kwa nini alikuwa na wanawake tu. Akamjibu kwa Kichewa chake cha kuokoteza, na jioni alituchezea mazungumzo yote kwa Kiswahili, sauti ya mzee na sauti yake:

"Nilimuambia: Bwana, mi siko kanisa, niko na kazi. Banaume banarushiana tofali, kwa kumi mbili zinavunjika. Bamama banapokezana mukono kwa mukono, hakuna inavunjika. Banaume bakikunywa Siku ya Mungu, Jumatatu hawako. Mwanamuke Jumatatu anakuja mbio, sababu anakimbia nyumba yake."

"Yeye akasema aje?" tukauliza.

"Akacheka. Nikamuambia tena: mwenye kubeba mutoto mugongoni hapande jukwaa bovu. Anaitikisa kwanza. Kwangu hakuna mutu ameanguka. Akauliza, na sementi? Nikamuambia, mwanaume anaiweka mufukoni, kesho inageuka pombe ya kachasu. Mwanamuke ataiweka wapi? Kwa mutoto?"

Mzee akatupa ukuta wa lupango lake, yaani ukuta wa kuzunguka kiwanja chote.

Tulikuwa hatujamaliza msingi, vijana saba wa Area 23 wakaja. Walisema kazi ile ilikuwa yao, na kwamba wakimbizi wanawake waende wakapike nsima, yaani ugali. Mkubwa wao alimshika Mama Riziki, aliyekuwa mchanganya udongo wetu, akamsukuma ndani ya mchanga. Sasa sisi wakati ule tulikuwa tumepanga mstari, tunapokezana matofali toka rundo mpaka kwa Kapita aliyesimama mwisho. Hakuna aliyetoa amri. Matofali yaliendelea kuja mkono kwa mkono, taratibu, bila haraka, na Kapita mwisho wa mstari akawa hayapangi tena. Akawa anayarusha.

Nilimwona kijana mmoja amepigwa begani, akazunguka kama mtu anayecheza. Mwingine alipigwa gotini akaanguka akilia mama. Mkubwa wao tofali lilimkuta mdomoni. Alitema damu na meno mawili, akayatazama mkononi kama hajui ni ya nani. Wakakimbia. Yeye hakuweza, kizunguzungu kilimkalisha. Kapita akashuka, akachana kipande cha kitenge chake, kipya, cha Krismasi, akamfuta mdomo, akamtilia maji ya chumvi.

"Pepani," akamwambia kwa lugha ya kijana, na alimaanisha. "Pole, mwanangu. Fungua kinywa."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuweza kuchinja kuku. Kuku wa Pasaka tulimchinja sisi, naye akawa nyuma ya nyumba amefunika masikio. Mtoto wa mfanyakazi akilia, alimfunga mgongoni mwake na kupanda naye jukwaani, akipanga matofali na kuimba nyimbo za bibi yake. Hakuna mtoto aliyewahi kupigwa naye. Mfuko wa sementi tulibeba wawili wawili, na aliyebeba peke yake kwa kujionyesha alipata kofi: "Mugongo yako ni shantie yangu!" yaani mahali pake pa kazi. Nyama ikiwa kipande kimoja, kilikuwa kwenye sahani ya yule aliyepigwa naye siku ile. Tulijuana hivyo. Ukiona nyama kwa Mama Riziki, unajua.

Na alitupiga, nisifiche. Kwa mkono, kwa mpini, kwa ubao wa kulainishia plasta. Tofali likipinda, kofi. Kamba ikilegea, kofi. Sisi tulicheka, kwa sababu nyumbani wengine walipigwa bila kufundishwa kitu, na hapa angalau ukipigwa unajua kosa. Siku moja tukila, nikajipa moyo.

"Kapita, ule bwana akikupiga, ulikuwa unasikia aje?"

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Nilikuwa ukuta," akasema. "Ukuta haisikie."

"Na sisi?"

"Ninyi aje?"

"Sisi tunasikia."

Wenzangu waliacha kula. Nilishika kichwa changu tayari. Lakini hakunipiga, alisimama tu akaenda kuangalia maji kwenye pipa, akakaa huko mpaka mapumziko yakaisha.

Ningetaka kusema alibadilika siku ile. Hapana.

Ule ukuta wa Area 47 ulikwenda vizuri, kwa macho. Matofali ya kuchoma, mekundu, mazuri, ya kwanza kwetu. Dzaleka tulikuwa tunajenga kwa tofali bichi la udongo, lililokaushwa juani tu, na tofali bichi adui yake ni maji. Ukililowesha linakuwa uji. Kwa hiyo Kapita alitufundisha toka mwanzo kuweka matofali makavu, na tukiwa mjini tuliyafunika kwa plastiki umande usiyaguse, tukiyapapasa kama watoto kuona kama ni makavu. Mzee muuza mabati alikuwa safarini siku zile. Hakuna aliyetuona.

Siku ya tatu Kapita akachukua nyundo. Mzee alikuwa amerudi asubuhi ile, amesimama na chai yake, anataka kuona namna hii ya kupiga ukuta aliyosimuliwa. Pigo la kwanza, ukuta ukatoa vumbi. Pigo la pili, hatua sita nzima zikaenda chini kwa mpigo, zikazika maua ya mke wa mzee, na tofali moja likaruka likapasua kikombe mkononi mwa mzee. Kapita akachukua kipande cha sementi iliyokuwa katikati ya matofali, akakisugua kwa vidole. Kikamwagika kama unga.

Akageuka kwa Mama Riziki.

"Sementi iko wapi?"

"Imo humo, Kapita. Nimepima ndoo kwa ndoo, uliniona."

"Uliuza."

"Mi? Naapa kwa batoto bangu..."

Mkono ulikuja toka mbali. Mimi niliuona ukija, wenzangu waliuona, na hakuna aliyesogea, kwa sababu tulizoea. Ulimkuta Mama Riziki kwenye sikio, na hakuanguka mara moja. Alisimama, akashika sikio, akatazama vidole, vilikuwa na damu, ndipo magoti yakaachia. Kapita akamfuata pale chini na la pili, na la tatu, anasema, "Unanifanya mwizi! Unanifanya mwizi kwa Bwana wa kazi!" Tulimvuta watu wanne. Kitambaa chake cha kichwa kilibaki mkononi mwangu.

Mzee hakupiga kelele. Aliweka chini kile kishikio cha kikombe, akachukua tofali moja zima, akalitumbukiza kwenye ndoo yetu. Likalia. Lilitoa povu, likachemka, likanywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbali. Akatuacha tulitazame mpaka liache kunywa.

"Mayi," akamwambia Kapita, yaani mama, "hamkulowesha matofali. Tofali la kuchoma likiwa kavu linanyonya maji yote ya sementi. Sementi inakufa kabla haijashika. Huyu mama hajaiba kitu."

Nilimtazama Kapita. Sijawahi kuona uso ukijengwa na kubomoka haraka namna ile. Kosa lilikuwa lake, toka siku ya kwanza, na sisi wote tulijua, na yeye alijua kwamba tunajua. Tulingoja neno moja. Pepani, lile lile alilompa kijana wa meno mawili. Halikutoka. Aliokota nyundo, akaenda kubomoa ukuta uliobaki, peke yake, upande wote, mpaka viganja vikatoka damu. Alifikiri labda tutalisoma neno lile kwenye ukuta.

Mimi nilibeba mfuko wa Mama Riziki, nikamshika mkono upande wa sikio lililokuwa halisikii tena, tukaenda kutafuta basi. Hatukuwa hata na hasira. Tulikuwa tumechoka tu. Kabla ya juma kwisha wenzetu wote saba wakatufuata.

Yaliyompata baadaye niliyasikia kwa watu. Mzee alimpa nafasi ya kuujenga tena, na kwa sababu hakuwa na wanawake akachukua wanaume. Matofali yakarushwa, yakavunjika. Jumatatu mbili shantie ilikuwa na Kapita na mbwa. Sementi ikatembea, kweli safari hii, na alipompiga aliyeiba, yule alimrudishia ngumi ya jicho. Mmoja alianguka toka jukwaani kwa sababu hakuitikisa. Mzee akamwambia maneno machache: "Nilikupa kazi kwa sababu ya wale wanawake. Wewe peke yako ni fundi kama fundi mwingine. Nenda ukawalete."

Akaja Dzaleka. Akaenda kwa Mama Riziki, ambaye sasa alikuwa anashona nguo kwa cherehani ya dada yake. Mara ya kwanza mlango ulifungwa. Mara ya pili pia. Mara ya tatu, Jumapili baada ya ibada, alipiga magoti nje mbele ya watu, na nilikuwepo.

"Nilikosa kwa tofali, nikakosa kwako," akasema. "Ya tofali nimetengeneza. Ya kwako siwezi."

Mama Riziki aligeuza kichwa, sikio zima lije mbele, akamwomba arudie. Akarudia, kwa sauti, kila mtu akasikia.

"Nimekusamehe, dada," Mama Riziki akasema. "Lakini sitarudi." Akamwinua. Akampa maji.

Wenzetu wanne walirudi kwake. Mimi sikurudi. Nilihamia mjini, Area 23, nikifanya ganyu, kibarua cha leo leo, kwa masoni waliokuwa wananipa ndoo. Miaka sita. Sementi niliigusa kwa kumwaga tu. Niliendelea kuchora ngazi, kwenye karatasi za mifuko, nikawa nazigawa kwa watoto wa jirani.

Kisha Kapita akanitumia mtu. Alikuwa na kazi Area 47, nyumba ya ghorofa. Anataka msaidizi, chini yake tu, na msaidizi huyo ni mimi. Ningejenga ngazi.

Furaha ilininyima usingizi. Asubuhi nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mwenye nayo akaniuliza kama naenda harusini. Njia nzima nilikuwa nimeshasema ndiyo.

Alikuwa amezeeka, nywele mvi, macho yale yale. Nguzo za chini zilikuwa zimesimama. Wanawake kama kumi na wawili walikuwa kazini, wengi wasichana wasionijua, mapipa yamejaa matofali yanayokunywa. Akanikumbatia, akanipapasa vidole, akacheka kwamba vimelainika. Akaanza kunionyesha ngazi itakapopita. Juu yetu, jukwaani, msichana mmoja alikuwa ameweka tofali moja nje ya kamba. Kapita akaliona.

"We!"

Akainua mkono.

Msichana hakufanya kitu. Aliufuata mkono kwa macho kuona unaonyesha wapi, akaona tofali lililopotea, akasema, "Ah, ni kweli, Kapita," akalitoa.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa. Sijui nilifikaje chini. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, viwiko vimefunika masikio, na mchanga ulikuwa magotini.

Shantie iliendelea na kelele zake. Kapita alinitazama, mkono wake bado uko hewani, amesahau kuushusha. Kisha akaushusha, akautia nyuma ya mgongo, na wa pili akautia huko.

"Toka nipige magoti kwa Mama Riziki," akasema, "sijagusa mutu."

"Naona, Kapita. Ule binti hakujificha."

"Mi nilizani ukiacha, inaisha."

Nilisimama nikajipangusa. Nilitaka kumfurahisha, hata pale, Mungu ananijua. Nilikuwa natabasamu na machozi yanatoka. "Siwezi kuwa chini yako," nikasema. "Ningependa. Mwili hautaki."

Akaitikia kwa kichwa kama nimemwambia kipimo cha dirisha. Alitazama nguzo, akatazama juu, pale ambapo bado palikuwa hewa tu.

"Basi hautakuwa chini," akasema. "Nyumba iko na chini na juu. Ya chini yangu. Ya juu yako, na ngazi yako, na bamama sita bako. Nitamuambia Bwana wa nyumba beko bakapita babili. Huko juu sipande mpaka uniite."

"Na nisipokuita?"

"Nitangoja hapa."

Tulianza Jumatatu. Yeye akakaa chini na watu wake, mimi juu na wangu. Ilikuwa wiki ya tano nilipoinama ukingoni nikamwita. Alipanda ngazi yangu polepole, kidato kwa kidato, akapita pale inapopinda, mikono yote miwili ameifunga nyuma ya mgongo.